Makoti ya Malkia

"Mwambie baba yako chai iko mezani," mama alisema.

Baba alikuwa ameshakaa mezani. Kikombe kilikuwa mbele yake, na mvuke ulikuwa umempanda usoni mpaka miwani yake ikaingia ukungu.

"Baba, chai iko mezani," nikasema.

"Mwambie mama yako ahsante. Na sukari leo imekaa sawa."

"Mama, baba anashukuru. Anasema sukari imekaa sawa."

"Nimesikia," mama alisema, akaigeukia cherehani yake.

Hivyo ndivyo tulivyoishi tangu nikiwa sekondari. Mgeni angedhani ni ugomvi, lakini haukuwa ugomvi hasa. Kila Jumamosi baba alimsafishia mama viatu na kuviweka mlangoni vikiwa vimeelekea nje, tayari kuvaliwa. Mama alimpunguzia baba chumvi kwenye mboga, akamwekea ndimu pembeni ili asilalamike. Walilala chumba kimoja. Walichoshindwa ni kuambiana neno uso kwa uso. Maneno yote yalipitia kwangu, mtoto wao wa pekee, nami njiani niliyatoa miiba. Mama akisema, "Mwambie baba yako mende wake amekojoa tena uani," mimi nilifikisha hivi: "Baba, mama anasema Malkia amevuja mafuta kidogo."

Mende na Malkia walikuwa gari moja. Lilikuwa gari dogo la michezo, la zamani kuliko mimi, lenye mgongo wa duara na injini nyuma. Halikuwa na rejeta wala tone la maji. Injini yake ilipozwa kwa upepo wa feni tu. Mbele lilikuwa na viti viwili. Nyuma kulikuwa na vitu viwili ambavyo aliyelibuni aliviita viti, lakini nadhani yeye mwenyewe hakuwa na watoto.

Baba alilinunua likiwa limekufa, kabla hajaoa, akalifufua kwa mikono yake. Kazi yake ilikuwa kurekebisha mizani: za sokoni, za hospitali, za posta. Katika ujana alitaka gari lake liende kasi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mizani, akaanza kulipunguza uzito. Alitoa hiki, akakipima. Akatoa kile, akakipima. Miongoni mwa alivyotoa yalikuwa makoti mawili ya bati yaliyozunguka mabomba ya moshi.

Makoti hayo ndiyo hita yenyewe. Gari lisilo na maji ya moto halina pengine pa kupata joto: feni husukuma upepo, upepo hupita kati ya bomba la moshi na koti lake, hupata moto, kisha huingia ndani mpaka miguuni mwa watu na kwenye kioo cha mbele. Ukiyavua makoti, umeiua hita. Baba aliyavua akifurahi. "Baridi ni ya wazee," alikuwa akisema enzi hizo.

Kisha akaoa mwanamke ambaye ndugu zake wako ng'ambo ya mlima.

Siku iliyoharibu mambo, walikuwa wakienda kwa mama mdogo, mdogo wake mama. Huko juu barabara ikaingia kwenye ukungu. Kioo kikaziba kwa pumzi zao wenyewe. Mama akasema, "Geuza turudi." Baba akasema, "Kidogo tu, tumefika." Hawakuwa wamefika. Walikaa kando ya barabara wakisubiri jua, miguu ya mama ikafa ganzi, na baada ya hapo akalazwa kwa kichomi. Aliporudi nyumbani, akiwa bado amekonda, alisimama mlangoni akaniambia mimi, "Mwambie baba yako, mende wake sipandi tena."

Baba alikuwa amemshika mkono wakati huo. Naye akanigeukia mimi. "Mwambie mama yako nimesikia."

Nadhani siku hiyo kulihitajika neno moja tu kutoka kwake. Hakulisema, na kadiri lilivyokaa ndivyo lilivyozidi kuwa zito kulinyanyua.

Sasa mimi nilikuwa nimepata kazi katika maabara ya mji wa mbali. Siku niliyopigiwa simu, mama alinikumbatia, akanipangusa uso kwa kipande cha pazia alichokuwa akishona, kisha akasema, "Mwambie baba yako mtoto amepata kazi."

"Baba," nikasema, "mtoto amepata kazi."

"Mwambie mama yako nimefurahi sana. Na wewe hongera, mama." Baba huniita mama tangu nizaliwe.

Nilicheka pamoja nao, lakini moyo wangu ulikuwa mahali pengine. Mwisho wa mwezi ningepakia sanduku langu, na nyumba ingebaki na watu wawili na cherehani. Nani angesema chai iko mezani? Niliwaona wamekaa, chai inapoa katikati yao, kila mmoja akimtafuta mtu wa kumtuma. Sikumwambia mtu. Mimi si msemaji. Maneno niliyozoea kubeba ni ya wengine.

Ndipo mama mdogo akafanyiwa upasuaji wa goti. Mama akataka kwenda kumwona. Basi linalokwenda huko huuzunguka mlima wote, safari ya kutwa nzima, na mgongo wa mama hauvumilii tena viti vile.

"Mwambie mama yako asikate tiketi," baba alisema asubuhi moja, akiwa ameinamia mkate wake. "Nitampeleka mimi."

"Na mende yule? Mwambie baba yako miguu yangu bado naitaka."

"Mwambie nitaweka hita."

Cherehani ilinyamaza. Mama alitazama sindano kana kwamba ndiyo iliyosema.

"Mwambie baba yako tutaona."

Kwa mama, tutaona ni ndiyo ambayo haijavaa viatu. Baba alijua hilo kama nilivyojua mimi. Aliacha mkate nusu, akaenda kutafuta koti la kazi.

*

Gereji aliyoitumaini ilikuwa ya mchomeleaji mmoja aliyeitwa Cheche, rafiki yake wa tangu ujanani. Mkono wa kushoto wa Cheche umejaa alama ndogo nyeupe za moto, na mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Mzee amekubali uzee!" alipiga kelele alipoona tulichobeba. "Na nani yule aliyeniambia baridi ni ya wazee? Binti, wewe hukuwepo. Baba yako huyu alikuwa akiendesha gari na shati limefunguliwa vifungo mpaka hapa!"

"Cheche, angalia bati," baba alisema.

Cheche alilipokea. Koti hilo moja lilikuwa limekaa stoo miaka yote likihifadhi misumari. Aliligonga kwa kidole, akasikiliza. "Hili zima. La pili liko wapi? Au Malkia atembee bega moja nje?"

Baba alikohoa. "La pili lipo. Lina maua."

"Lina nini?"

"Maua. Mama wa huyu aliliona limetupwa uani, akalijaza udongo. Hakujua ni nini. Nami nikaona... basi, maua yalipendeza."

Cheche alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanigeukia, macho bado yana machozi ya kicheko. "Basi kazi yako hiyo, binti. Shemeji namwogopa."

Jioni hiyo nilimkuta mama barazani, akinyunyizia maji maua yale mekundu. Nilieleza kila kitu, kwa sauti yangu ndogo, nikizunguka zunguka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani nimekuwa nikimwagilia hita?"

"Ndiyo, mama."

"Mwambie baba yako maua yangu si spea."

Nilimfikishia baba hivi: "Mama anayapenda sana maua yake." Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amezoea kuyasoma maneno yangu kwa nyuma.

Lakini asubuhi maua yalikuwa kwenye beseni la zamani, yamepandwa upya, udongo umeshindiliwa vizuri. Koti la bati liliegemezwa kwenye mlango wa stoo. Lilikuwa limesuguliwa kwa brashi, limekaushwa, na kingo zake zenye kutu zimevishwa mkanda wa kitambaa cha pazia ili zisimkate mtu vidole. Baba alilishika kwa muda mrefu. Aliufungua ule mkanda taratibu, akaukunja, akautia mfukoni. Mkanda huo haukuwa na kazi yoyote kwenye gari.

*

Tulifanya kazi pale gereji kila mchana niliobaki nao. Malkia alipandishwa juu ya vigogo, nami, kwa kuwa ndiye mwembamba, nililala chini yake kwenye boksi lililokunjuliwa. Waya unaotoka kwenye mkono wa hita, ule mkono mdogo ulio katikati ya viti viwili vya mbele, ulikuwa umeganda ndani ya mpira wake. Tuliumwagia mafuta, tukaungoja, tukauvuta, tukaumwagia tena. Ulipolegea, kilango kidogo kilichokuwa nyuma kikafunguka na kunimwagia usoni mavumbi, majani na manyoya ya panya aliyekufa zamani.

"Umeona familia?" Cheche aliuliza.

"Walihama," nikasema, nikitema vumbi.

"Loo! Kumbe binti ana maneno!"

Jambo moja nililishikilia bila aibu. Upepo wa hita hupita ubavuni mwa moshi. Bomba la moshi likiwa na tundu hata dogo, moshi utaingia ndani, na kuna moshi unaoua bila harufu. Nililisoma chuoni, na sikutaka kulijaribu kwa wazazi wangu. Kabla ya makoti kuchomelewa, nilimwomba Cheche azibe ncha za mabomba na kusukuma upepo, mimi nikapaka povu la sabuni kila kiungo. Tuliinama wote watatu tukitazama. Kwenye bomba la kulia, mahali ambapo jicho halikuona kitu, povu likaanza kuvimba taratibu kama linapumua.

"Hapo," nikasema.

"Hapo," Cheche akakubali, akashusha kofia yake ya kuchomelea. Tulirudia mpaka povu likatulia kila mahali.

Siku ya mwisho ya kazi, Cheche aliunda kiungo ambapo mabomba mawili ya hewa ya moto yangekutana, kisha kugawanyika: moja upande wa dereva, moja upande wa abiria. Nilikuwa nikipanga spana nilipomsikia akisema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mzee, mbona hapa kwako umepiga kizibo?"

"Kazi yako imekwisha, Cheche."

"Nimekuwekea tundu zuri, wewe unalikaba na bati na matambara. Joto lote litaenda upande ule."

"Ndiko linakotakiwa."

"Na wewe?"

"Mimi nina soksi."

Cheche alinitazama. Nikainamia spana zangu. Niliona vema kizibo kile pale penye miguu ya dereva: kipande cha bati, matambara nyuma yake, skrubu mbili. Na kilichoyafunga matambara hayo kilikuwa ule mkanda wa kitambaa cha pazia.

*

Tuliondoka alfajiri, mwanga ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Baba alimfungulia mama mlango. Mama alisimama akilitazama gari kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumuuma, kisha akaketi, akakusanya sketi yake. Mimi nilikunjwa nyuma pamoja na kikapu, magoti kidevuni, injini ikinguruma karibu na mgongo wangu.

Baba aliunyanyua mkono wa hita. Mwanzoni ilikuja harufu ya vumbi la zamani. Kisha joto. Hata mimi huko nyuma nilijua limefika, kwa sababu mabega ya mama yalishuka. Alivua viatu, vile viatu vilivyong'aa, akaweka nyayo zake mbele ya tundu. Baba alitazama barabara, lakini sikio lake moja, naapa, lilikuwa limesimama.

Hita ya gari kama lile haina akili. Injini ikizunguka kasi, upepo unazidi na joto linazidi. Ikipunguza mwendo, joto nalo linazimia. Haina kitu cha kupima. Kinachopima ni mkono wa mtu. Kwa hiyo tulipoanza kupanda mlima, baba akashuka gia, injini ikapaza sauti, na joto likaja kama mlango wa tanuri umefunguliwa.

Mama alivuta miguu. Akairudisha. Akaivuta tena.

"Mwambie baba yako miguu yangu inaungua!"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kabisa kusema, "Baba, mama anasikia joto kidogo." Maneno yalikuwa ulimini. Kisha nikawaona kutoka nyuma, vichwa viwili vyenye mvi, vimekaribiana kuliko nilivyoviona kwa miaka, na mkono ule mdogo wa hita katikati yao.

"Sisikii, mama!" nikapaza sauti. "Injini!"

"Nimesema mwambie baba yako miguu inaungua!"

"Nini?"

Baba alikohoa. "Mwambie mama yako ausukume ule mkono chini."

"Sisikii, baba! Huku nyuma ni kelele tupu!"

Sijawahi kusema uongo mkubwa kiasi hicho kwa sauti kubwa kiasi hicho. Mashavu yangu yaliwaka moto, na hapakuwa na hita huko nyuma.

Baadaye mama akausukuma mkono chini mwenyewe, kwa hasira, mpaka mwisho. Joto likakatika. Na kwa kuwa tulikuwa tumefika juu, ukungu ule ule ukatupokea, na kioo kikaanza kuziba kutoka pembeni kwenda katikati. Baba akapangusa kwa mkono wa koti. Kikaziba tena. Nikaona vidole vya mama vimeshika ukingo wa kiti. Mahali palikuwa pale pale.

Baba alipunguza mwendo. "Mwambie mama yako," alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu, "kwamba akitaka nigeuze, nitageuza."

Nilisikia kila herufi. Nikauma mdomo, nikatazama kikapu.

Mama aliunyanyua mkono wa hita. Polepole kioo kikafunguka, kwanza upande wake, duara dogo kama sahani, na barabara ikaonekana. Upande wa baba ulibaki mweupe. Mama akatazama kioo. Akatazama miguu ya baba. Kisha akainama na kupeleka kiganja chake kule chini, karibu na klachi, kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"We!" alisema. "Mbona huku kwako hakuna joto?"

Baba alinitafuta kwenye kioo kidogo cha juu. Nilikuwa nimefumba macho.

"Linatosha lilipo," alisema.

"Nimekuuliza wewe."

"Nimeziba."

"Umeziba nini?"

"Upande wangu. Nilitaka lote lije kwako."

Nilifumbua macho. Mama alikuwa ameweka mkono juu ya kifundo cha mguu wa baba, juu ya soksi.

"Simamisha gari."

Baba aliegesha kando. Mama alishuka bila viatu, akavivaa nje, akazunguka mbele ya gari mpaka mlango wa dereva na kuufungua. Nilidhani nimeharibu kila kitu.

"Mtu wa mizani mzima," alisema. "Huu ndio usawa? Mimi niungue, wewe ugande? Ukipata kichomi nani atakuuguza, mende? Fungua hapo."

"Bisibisi iko chini ya kiti."

"Basi itoe. Mimi nakusubiri."

Baba alishuka akapiga magoti kwenye changarawe, kichwa ndani ya gari. Mama alivua shali yake, akaitandaza juu ya mgongo wake na kuishikilia pande zote mbili ili upepo usimpige. Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikuwa ngumu. Nilimsikia baba akisema, kichwa kikiwa bado chini, "Siku ile heri ningegeuza."

Mama alimwinamia.

"Ungegeuza."

"Nilijua tangu uliposema. Nilijua, nikaendelea tu."

"Haya," mama alisema, na akamkaza shali mabegani. "Toa hiyo skrubu kwanza."

Kizibo kilitoka na matambara yake. Mama aliokota ule mkanda wa pazia, akaugeuza geuza mwangani, akautambua. Aliutia ndani ya pochi yake.

Njia yote ya kushuka walibishana juu ya mkono wa hita. "Punguza, nashuka gia." "Nimepunguza." "Sasa ongeza." "Kwani mimi kondakta wako? Sema vizuri." "Ongeza, tafadhali." "Hivyo sawa." Baba alimweleza jinsi povu la sabuni lilivyovimba. Mama alimweleza kwamba lile koti lilikuwa na matundu mazuri ya kupitisha maji, ndiyo maana maua hayakuoza. Akamwambia sukari ya chai amekuwa akiipima kwa kijiko kidogo tangu yeye baba alipoanza kulalamika kifua. Baba akasema alijua. Mengine sikuyapata, maana sasa injini kweli ilikuwa na kelele, na mimi nilikuwa nalia kidogo juu ya kikapu.

Mama mdogo alikuwa amekaa kibarazani, goti limefungwa bandeji, fimbo mkononi. Alipowaona wawili wale wakifika huku wakibishana nani amesahau kuushusha ule mkono, alishika kifua.

Baba akazima injini. Akashuka, akaenda mbele kumsalimia shemeji yake. Mama naye akashuka, akasukuma kiti chake mbele ili nitoke. Nilitoka miguu imekufa ganzi, nikaegemea bati la gari lililokuwa bado lina uvuguvugu. Mama alinitazama kutoka chini hadi juu, akaniondoa unyasi wa kikapu kwenye nywele.

"Na wewe," alisema polepole, "masikio yako yamepona?"

Uani kulikuwa kimya kabisa, isipokuwa bati la Malkia likilia tik, tik, likipoa.

"Bado, mama," nikasema. "Injini."